Sisi Waganga wa Nyama Yatima

Watu wakisikia kwamba sisi ni waganga wa nyama huelewa upesi. Mganga wa nyama ni yule achanjaye ng'ombe, atazamaye mbuzi kabla ya kuchinjwa, apigaye muhuri buchani. Kazi hiyo ni ya zamani katika nchi yetu, nayo ina heshima yake. Lakini tukisema kwamba twafanya kazi katika kimbilio la nyama yatima, hapo ndipo wanapocheka. Yatima gani tena? Mtoto wa kima naye ana shangazi wa kumlea? Nasi twacheka nao, kisha twaeleza.

Katika Ulaya na Marekani, kimbilio la nyama ni nyumba ya mbwa na paka waliopotea au waliotupwa na wenyewe. Kwetu Kongo makimbilio yanayojulikana ni ya nyama wa porini. Karibu na Kinshasa iko Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Mama Claudine André mwaka 1994. Bonobo ni nyama wasiopatikana porini katika nchi nyingine yoyote duniani ila kwetu. Huko Lwiro, karibu na parki ya Kahuzi-Biega, kimbilio la sokwe mtu na kima lilianza mwaka 2002. Lubumbashi lipo la J.A.C.K., tangu 2006. Rumangabo, ndani ya parki ya Virunga, ndipo wanapolelewa gorila yatima wa milimani. Kimbilio letu ni dogo kuliko hayo. Liko upande wa Kivu, na jina lake halina haja hapa.

Yatima wetu huwa hivi. Mwindaji apata nyama porini, amuua mama, na mtoto abaki ameshikamana na manyoya ya maiti. Mtoto huyo hana nyama ya kutosha chunguni, basi huuzwa akiwa hai: kwa mwenye baa, kwa mkubwa fulani apendaye kuonyesha utajiri wake, kwa mfanyabiashara amtumaye ng'ambo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe yakataza mambo hayo, nayo yaeleweka. Askari au walinzi wa parki wakimkamata mwenye nyama, nyama yenyewe haiwezi kuwekwa korokoroni. Ndipo wanapotupigia simu.

Mtoto hufika ndani ya sanduku, au kikapu, au mfuko wa unga. Mara nyingi ana kamba kiunoni. Kamba hiyo ilifungwa alipokuwa mdogo, naye akakua, kamba haikukua. Imeingia ndani ya mwili, na ngozi imeanza kuota juu yake. Twaikata polepole kwa mkasi mdogo, uzi kwa uzi. Wengine wana marisau chini ya ngozi, kwa kuwa risasi iliyomuua mama iliwapata na wao. Wengine wamepoteza kidole au mkono kwa mtego wa waya. Wote wana minyoo, wote wana kiu, na karibu wote wana macho yasiyomtazama mtu. Kwanza twawapa maji yenye sukari na chumvi, yale yale ambayo masista wauguzi wawapa watoto wetu wenye kuhara.

Kisha mtoto akaa peke yake siku 90, mbali na wenzake, ila na mlezi mmoja tu. Siku hizo twapima damu na choo, tena twapima kifua kikuu: twachoma dawa kidogo sana katika ngozi ya ukope wa jicho, na kuitazama kwa siku tatu kama ukope utavimba. Msomaji atauliza, kwa nini ukope? Kwa sababu ukope waonekana kwa mbali. Jaribu wewe kumwambia sokwe mtu anyoshe mkono siku tatu mfululizo!

Dawa tunazijua, tulizisoma shuleni. Jambo ambalo hatukusoma ni kupakatwa. Mama wa sokwe mtu hamweki mtoto wake chini katika miezi ya kwanza, naye humnyonyesha miaka minne au mitano. Mtoto aliyezoea kifua, ukimlaza juu ya blanketi safi na chupa ya maziwa pembeni, hanywi. Tumewaona waliopona jeraha, wasio na homa wala minyoo, wakageukia ukuta na kufa. Kwa hiyo mganga wa kweli katika kimbilio ni mama mlezi, amfungaye mtoto mgongoni mchana na kulala naye kifuani usiku, akimnywesha kila baada ya saa mbili au tatu. Sisi wenye makoti meupe twaja asubuhi kuandika kilo katika daftari. Wengi wamesikia habari za Ndakasi, gorila aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili tu, ameshikamana na mama yake aliyeuawa kwa risasi. Mlezi wake, André Bauma, alimlaza juu ya kifua chake usiku wa kwanza. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya ugonjwa wa siku nyingi, Ndakasi alikufa mikononi mwa mtu huyo huyo.

Basi, maziwa. Maziwa tunayowapa ni ya kopo, ya watoto wa watu, kwa maana hakuna kiwanda kitengenezacho maziwa ya sokwe. Na hapa ndipo lilipo neno zito la kazi yetu. Siku moja tulikuwa dukani, tukinunua makopo sita. Mama mmoja wa shirika letu alikuwa amesimama nyuma yetu, na binti yake, na mjukuu mgongoni mwa binti. Hakupiga kelele. Alisema tu: « Wanangu, hayo yote ni ya makako? Huyu wangu je? »

Jina hilo makako lina historia. Kabla ya 1960, Wazungu wengine waliwatukana baba zetu kwa neno hilo, macaque, mbele ya wake zao na watoto wao. Wazee wetu hawajasahau. Na leo Mzungu aleta fedha kutoka ng'ambo ili makako anyweshwe kwa chupa, na mjukuu wa yule aliyetukanwa apita njiani na tumbo tupu. Msomaji asiyeona ugumu wa jambo hili, na asome tena sentensi hiyo polepole.

Tungeweza kumjibu mama kwamba fedha ile si yetu, kwamba waliotoa waliitoa kwa ajili ya nyama tu, na tukiitumia kwa kitu kingine ni wizi. Ni kweli, lakini ni jibu la karani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema mambo mawili mahali pamoja. Yasema kwamba kuwatesa nyama au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Kisha, katika namba ile ile 2418, yasema kwamba haifai kuwatumilia nyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza taabu ya watu. Tumeyasoma maneno hayo mara nyingi. Wako wanaopenda la kwanza tu. Wako wanaopenda la pili tu. Sisi twalala na yote mawili. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hakutaka kilio cha dunia kitengwe na kilio cha maskini.

Siku ile dukani tulitaka kumpa mama kopo moja kutoka mfukoni mwetu. Tukaenda naye kwanza kwa sista mwuguzi wa kituo cha afya, naye akatukataza kwa ukali. Alimpima mtoto mkono kwa utepe, akamtazama binti, akatuambia mambo ambayo sisi waganga tulipaswa kuyasikia. Maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji ya mtoni, ndani ya chupa isiyochemshwa, humwua mtoto kwa kuhara kuliko njaa. Mama mwenye njaa aweza bado kunyonyesha. Apewe chakula yeye. Kopo moja laisha kwa siku chache, na katika siku hizo kifua cha mama kimekauka. Mtoto wa kimbilio ana maji yaliyochujwa na mlezi anayelipwa kuchemsha chupa usiku kucha. Mjukuu wa yule mama hana. Basi binti akaandikwa katika chakula cha kituo, mtoto akarudishwa kifuani. Mama yule hakututolea shukrani, wala haikumpasa. Alituuliza kama makako wetu wala ndizi mbivu tu au hata mbichi. Tangu siku hiyo atuuzia ndizi na viazi vitamu, naye hapunguzi bei.

Hesabu ya ndizi ni ndefu. Sokwe mtu katika kimbilio aweza kuishi miaka 50 na zaidi. Anayempokea mtoto mmoja leo, amejifunga kwa maisha ya mtu mzima. Kumrudisha porini? Bonobo wa kwanza wa Lola walirudishwa mwaka 2009, katika msitu wa Ekwateri, baada ya mapatano marefu na wenyeji wa huko. Lakini lazima msitu uwe na matunda, usiwe na mitego, wala usiwe na sokwe wengine wenye kuwapiga wageni; na kwetu Kivu msitu wa namna hiyo haupatikani kwa urahisi, hasa tangu vita vilipoingia mwaka 1996. Mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifungwa. Walezi wetu walikaa bila mshahara, wakaja kazini kwa miguu, na mama wa ndizi alitukopesha ndizi zake. Tuliandika deni katika daftari la kilo, kwa maana hatukuwa na daftari lingine.

Kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo, majike wetu twawatia kijiti cha dawa chini ya ngozi ili wasizae. Katekista mmoja alishtuka aliposikia. Tulimweleza kwamba mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo ni ya mume na mke, nao sokwe hawajafunga ndoa kwa padri yeyote. Alicheka, lakini alikwenda kumwuliza paroko, naye paroko akamjibu vile vile.

Jambo jingine halina kicheko. Iko siku mganga wa kimbilio hutia dawa nyingi katika sindano, naye ajua nyama hataamka tena. Wenzetu wa ng'ambo wayajua hayo kuliko sisi. Katika Marekani, mbwa na paka mamia ya maelfu huuawa kila mwaka katika makimbilio, wengine wakiwa wazima, kwa kukosa mahali na mtu wa kuwachukua. Italia, sheria ya mwaka 1991 yakataza kumwua mbwa wa kimbilio asipokuwa mgonjwa asiyeponyeka au wa hatari. Basi wengine huzeeka nyuma ya wavu. Hatutaki kuhukumu ni lipi lililo jema zaidi, lakini tungeogopa kufanya kazi penye sindano za kila juma. Katika nchi kadhaa imeonekana kwamba waganga wa nyama hujiua kuliko watu wa kazi nyingine nyingi, na hatudhani ni kwa sababu wana roho nyepesi.

Sisi twafanya hivyo mara chache, nyama anapokuwa na maumivu yasiyo na mwisho. Mara ya mwisho alikuwa dume mzee, mwenye uvimbe shingoni uliomzuia kumeza. Mlezi wake alimshika mkono. Baadaye, tulipokuwa tukiosha vyombo, mlezi huyo alitwambia habari za baba yake, aliyelala nyumbani na kansa mwezi wa nne. Akauliza: « Sokwe mumempumzisha. Na baba yangu ateseke kwa nini? »

Tulinyamaza kwanza. Si swali la kujibiwa kwa kusimama, na ndoo mkononi. Tukakaa. Tukamwambia kwamba amri ya tano yamlinda baba yake hata katika saa yake ya mwisho; kwamba sokwe twaweza kumpa usingizi tu, kwa kuwa hatuwezi kumweleza kitu, wala kumletea padri, wala kumpatanisha na ndugu yake wa zamani, lakini baba yake bado ana mambo ya kusema na watu wa kuwaambia. Tena tukamwambia kwamba Kanisa halikutaka baba ateseke bila dawa. Yaruhusiwa kabisa kumpa dawa kali ya maumivu, hata kama yapunguza nguvu zake. Kumbe hakuna aliyempa chochote ila vidonge vya homa! Hapo tulikasirika kweli. Twaandika dozi ya ketamini kwa sokwe kwa hesabu ya kilo na gramu, na mzee Mkristu apewa vidonge vya homa. Tukaenda pamoja naye hospitali kuomba morfini. Ilipatikana siku ya tatu, chupa ndogo. Mzee aliishi majuma matano mengine, akapakwa Mafuta ya Wagonjwa akiwa na akili zake, na ndugu yake alifika kutoka Kalemie.

Sokwe wengine, tusiwafiche, hawatupendi sisi waganga hata kidogo. Walezi wawapenda, sisi watujua kwa bomba la kupulizia sindano. Hata tukivaa nguo za fundi wa bustani watutambua tangu langoni, wapiga kelele, watutupia mawe na mambo mengine ambayo gazeti la parokia haliwezi kuyaandika. Mmoja tulimwondolea jino bovu, akapona, akanenepa, na mpaka leo akituona hugeuza mgongo.

Na tuvaapo barakoa mbele yao, wageni hudhani twaogopa harufu. Ni kinyume: twaogopa kuwaua kwa mafua yetu. Katika msitu wa Taï, huko Côte d'Ivoire, sokwe walikufa kwa magonjwa ya kifua katika 1999, 2004 na 2006, na wataalamu walikuta ndani yao virusi vya watu, vile vile vinavyowaletea watoto wetu kikohozi. Mlezi mwenye mafua hukaa nyumbani, naye alipwa siku yake. Bila kulipwa angekuja akikohoa kimya kimya.

Njia hiyo ina pande mbili. Mwaka 1976 Ebola iliingia misioni ya Yambuku, watu 318 wakaugua na 280 wakafa, na masista wa misioni miongoni mwao. Mwaka 1995 huko Kikwit masista sita wa Poverelle walikufa wakiwauguza wagonjwa. Ugonjwa huo huua gorila na sokwe pia; mwenye kuokota mzoga porini na kuuchuna nyumbani huweza kuleta kifo kwa kijiji kizima. Kwa hiyo, msomaji ukikutana na mtoto wa sokwe njiani auzwa, usimnunue, hata kwa huruma. Wengi waliotuletea yatima waliwanunua kwa huruma, na mwindaji yule yule alirudi porini juma lililofuata. Waarifu walinzi wa parki au watu wa ICCN.

Lakini nyama wa hatari kuliko wote kwa watoto wa parokia zetu hatoki porini. Ni mbwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Homa yake ikishaanza, hakuna dawa. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, bila majani wala mafuta ya gari, kisha apelekwe kituo cha afya siku ile ile kwa chanjo. Na mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka twafunga mlango wa kimbilio nusu siku na kubeba sanduku la barafu mpaka uwanja wa parokia. Siku yenyewe hutangazwa baada ya Misa. Mbwa aletwe na mtu mzima aliyemzoea, amefungwa kamba shingoni wala si waya. Paka aletwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, kwa maana mwaka jana paka mmoja alikimbilia ndani ya kanisa, akapanda juu ya kabati la sakristia, na ilitubidi kumngoja mpaka jioni.